Kitabu cha Maneno ya Mji na Shamba la Bi Mwamvua

Makarani wenzangu mliobaki pale bomani, mara tatu mmeniomba niwaandikie habari za kazi yangu, na mara tatu nimesingizia macho. Macho ni mabovu kweli, ndiyo yaliyonitoa kazini, lakini mkono bado mzima, na asubuhi jua likiingia barazani kwangu naweza kuandika mpaka kivuli cha paa kifike kwenye kinu. Nitaandika hivyo hivyo, kidogo kidogo. Habari za nani alipandishwa cheo na nani aliachwa hamtazikuta humu. Anayezitaka aende akanywe kahawa sokoni, huko hazikauki.

Nilifika Morogoro kwa miguu, kabla ya reli, nikitokea Pangani. Nilikuwa nimesoma chuoni kwa herufi za Kiarabu, kisha shule ya serikali kwa herufi za Kizungu, na njia nzima nilijiona msomi. Kanzu yangu ya pili niliibeba kichwani isichafuke. Siku ya kwanza ofisini nilipewa kiti, meza yenye mguu mmoja mfupi, na mama mmoja wa mjini aliyekuja kushitaki mbuzi wa jirani. Nikamwandikia ukurasa mzima, Kiswahili cha Pwani kilichonyooka, nikampelekea karani mkuu nikingoja sifa.

Karani mkuu alikuwa Mzee Idarusi, mtu wa Bagamoyo, mfupi, mwenye ndevu nyeupe na sauti ya chini. Akasoma, akaniangalia.

"Huyu mama ndiye aliyesema haya?"

"Amesema maana yake, mzee."

"Maana yake mwachie atakayesoma. Mimi nimekaa hapa nasikia. Mama kasema mbuzi amekula kisamvu chake akabakiza vijiti. Wewe umeandika mnyama ameharibu mazao. Kisamvu kiko wapi? Vijiti viko wapi?"

Nikaandika upya, na kisamvu kikaingia, na vijiti pia. Nilikasirika siku mbili nzima. Leo nawaambieni, katika kazi yote hii sikufundishwa jambo kubwa kuliko lile, na mzee yule alinifundisha bila kuinua sauti wala kuacha kutafuna tambuu.

Vyombo vya kazi vilikuwa vichache. Kalamu za chuma zilizoshika kutu kabla hujazizoea, daftari kubwa za jalada gumu, muhuri, na wino wa unga tuliouchanganya wenyewe kwa maji ya mto. Kiangazi wino ulikuwa mzuri. Masika maji yalishuka kutoka Uluguru yakiwa mekundu, na wino ukawa na mchanga, kalamu ikikwaruza karatasi mpaka meno yanauma. Tulilalamikia wino miaka miwili. Kwamba watu walikuwa wanayanywa maji yale yale, hilo halikutupitia kichwani, na naona aibu kulisema lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tena kila karani alipewa kisu kidogo chenye ncha, cha kuparulia wino pale alipokosea. Changu Mzee Idarusi alikichukua siku ile ile ya kwanza, akawa anamenyea machungwa. "Ukikosea," akasema, "piga mstari mmoja tu, neno la kwanza lizidi kusomeka. La kweli liandike chini yake. Anayekuja baada yetu ajue tulipotelea wapi." Nilidhani ni ukali wa wazee tu.

Miaka ikaenda. Mabwana Shauri, wale wakuu wa boma, walikuja na kuondoka, na mmoja wao watu walimwita Bwana Miwani. Alipenda vitu vilivyonyooka. Alinyoosha barabara ya soko kwa kamba, nyumba ya mtu ikizidi kidogo inakatwa upenu. Masika moja, akitembea kwenye barabara yake hiyo iliyonyooka, alizama kwenye tope mpaka magotini mbele ya soko, na wabeba ndizi kutoka Matombo wakampita pembeni, kwenye kijia chao kilichopinda, wakavu kabisa. Hakuna aliyecheka kwa sauti. Kesho yake akaamuru kila Jumatano asubuhi mtu yeyote wa mjini aje bomani aseme ni nini kitaufanya mji ukae vizuri zaidi, na karani aandike. Karani huyo nikawa mimi. Daftari tukaliita Kitabu cha Maneno ya Mji.

Sisemi Bwana Miwani alikuwa malaika. Boma lile lile lilikuwa na nguzo ya kufungia watu, na hamsa ishirini zilipigwa hapo, viboko ishirini na vitano kwa hesabu ya sajini, na nilikuwa nakisikia kila kimoja nikiwa mezani kwangu. Ndiyo maana Jumatano ya kwanza hakuja mtu hata mmoja. Ya pili alikuja mzee mmoja akasema mtaro wa soko umeziba. Bwana Miwani akafurahi sana, akampa jembe akauzibue. Jumatano ya tatu, mnaweza kukisia, tulikaa peke yetu tena.

Mzee Idarusi ndiye aliyeliondoa lile jembe. Alimwambia Bwana, kwa ile sauti yake ya chini, kwamba mtu anayesema neno zuri na anayeshika jembe si lazima wawe mmoja. Bwana akafikiri, akakubali. Habari zikaenea sokoni, na kuanzia hapo wakaja.

Nawaambieni kweli, niliwapenda watu wale. Walikuja na kanzu zilizofuliwa, wanawake na kaniki mpya, wakakaa kwenye gogo la mvule chini ya dirisha langu, na kila mmoja alikuwa amelifikiri neno lake njiani. Kinyozi alisema wachinjaji wahamishwe upande ambao upepo hautoki, maana wateja wake wananyolewa huku wameziba pua. Mama muuza dagaa alitaka wauza vyungu na wabeba mizigo wapewe njia mbalimbali, kwa sababu kila siku ya soko kinavunjika chungu na kunazuka ngumi. Fundi cherehani alisema mbuzi wafungwe, na mwenye mbuzi, aliyekuwa amekaa hapo hapo kwenye gogo, akasema cherehani zifungwe. Mmoja alikuja wiki nne mfululizo kusema kwamba mji utaendelea sana endapo shemeji yake atahama. Nikaandika yote. Mengine yalifanywa, mengi hayakufanywa, lakini watu wale walikuwa wanakatwa kodi na kukamatwa kazi za barabara, na bado Jumatano walikuja kuufikiria mji wao kama nyumba ambayo watazeekea ndani yake. Mimi niliyelipwa kuufikiria sikuwa nimefanya hata nusu.

Ndipo akaja Bi Tatu. Alikuwa muuza vitumbua pale stesheni, reli ilikuwa imeshafika wakati huo, mwanamke mwembamba mwenye mikono iliyoungua mafuta. Hakukaa kwenye gogo. Akasimama dirishani.

"Andika, karani. Mto wetu unashuka kutoka mlimani ni msafi. Ukifika kwa madobi unafuliwa nguo. Chini ya madobi wanaogeshwa punda. Chini ya punda wanaoga watu wa reli. Chini yao sisi ndiyo tunachota. Mbona tumepanga kinyume?"

Nikainua kalamu.

"Hujamaliza kuandika," akasema. "Tupange upya. Juu kabisa pachotwe maji ya kunywa. Chini yake paogwe. Chini yake pafuliwe. Mwisho kabisa punda. Mto ni ule ule, haumgharimu Bwana kitu. Masika haya nimezika watoto wawili, tumbo tu, siku tatu tatu. Nimebaki na mmoja. Liandike na hilo."

Nililiandika kama alivyolisema. Bwana Miwani aliposoma alivua miwani, akaifuta, akasema mwanamke huyu alipaswa kuwa mhandisi. Akaamuru ifanyike kabla ya masika mengine.

Taabu ilikuwa moja. Mahali pa juu alipopachagua mhandisi wa Bwana, pale mto unapotoka kwenye mawe kabla ya kugusa nyumba ya kwanza, hapakuwa na njia. Ilibidi ikatwe kupitia shamba moja chini ya mlima, shamba la migomba na magimbi, la Waluguru. Nikatumwa nikaandike ridhaa ya mwenye shamba. Nikapanda na askari mmoja na daftari.

Nikamkuta mwanamume mtu mzima anapalilia, jina lake Mkude. Watoto wanamsaidia, moshi wa jikoni unatoka kwenye nyumba iliyo pembeni. Nikamsalimu, nikamweleza habari ya njia na maji. Akamtazama askari, akaitazama bunduki, akafuta jasho.

"Serikali ikitaka njia," akasema, "mimi nitazuia na nini?"

"Basi umekubali?"

"Nimekubali, bwana."

Nikaandika: Mwenye shamba, Mkude, amekubali. Nikashuka nikiwa nimeridhika, nimepewa na ndizi mbivu juu yake. Kazi haikuchukua muda wa kuchemsha chai.

Hapa inabidi nilieleze jambo ambalo kila mtoto wa Morogoro analijua. Kwa Waluguru ardhi hufuata mama. Shamba ni la lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama, na anayelishika ni mwanamke, na anayelisemea ni kaka yake. Mwanamume akioa huenda kulima kwenye ardhi ya akina mkewe, na siku mke akifa au wakiachana hubeba jembe lake akarudi kwa akina mama yake. Mkude alikuwa analima pale miaka ishirini, na hakuwa na ruhusa ya kumpa mtu hata nafasi ya kupitisha kuku. Nami nililijua hilo. Kila Jumatano nilikuwa nasikia kesi za wajomba na mashamba. Lakini mtu wa Pwani akimwona baba ameshika jembe na watoto wamemzunguka, kichwa chake kimeshaandika kabla ya mkono. Sikumuuliza Mkude swali la kwanza kabisa ambalo mtoto wa hapa angeuliza.

Wiki iliyofuata vibarua na sajini wakapanda kukata njia. Walikuwa wameangusha migomba mitatu yenye mikungu pale mwenye shamba aliporudi kutoka sokoni. Huyo ndiye Bi Mwamvua, mwanamke mnene, mtulivu, kapu la maharage kichwani. Akatua kapu, akakaa juu ya migomba iliyokatwa, akamtuma mtoto kwa kaka yake. Kaka, Kobelo, akaja mbio. Alimuuliza sajini kwa ruhusa ya nani, sajini akasema ya mwenye shamba, imeandikwa. Kobelo akamnyang'anya kibarua panga akalitupa mtoni. Wakamfunga mikono, wakamshusha.

Bwana Miwani aliwasikiliza saa nne asubuhi. Dada na kaka wakasema hawajaulizwa na mtu. Sajini akasema wameulizwa, wanaipinga serikali. Bwana akatoa hukumu ambayo kwake ilikuwa nyoofu kama barabara ya soko: saa tisa kitabu kitaletwa. Kama mwenye shamba alikubali, Kobelo atapigwa ishirini na tano na njia itakatwa siku hiyo hiyo. Kama hakukubali, ijulikane nani alidanganya, na huyo ndiye atakayepigwa.

Nilikuwa na muda wa saa tano. Nikarudi mezani, nikakifungua kitabu kwenye ukurasa ule. Kupitia dirishani nilimwona Kobelo amefungwa kwenye nguzo kivulini, na dada yake ameketi chini karibu naye, anamfukuzia inzi kwa jani la mgomba. Hakuwa analia. Alimfukuzia inzi tu, kwa utaratibu, kama mtu anayefanya kazi ya siku zote.

Mzee Idarusi alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni. Alikuwa amezeeka, haandiki tena sana. Akamaliza chungwa, akafuta kile kisu kwenye kanzu, akakiweka juu ya meza yangu, mbele ya kitabu.

"Kisu chako hiki," akasema. "Machungwa yamekwisha." Akatoka kwenda kuswali.

Wenzangu, nitawaambia ukweli wote. Nilikishika. Hesabu nilikuwa nimeshaipiga. Nikiparua maneno mawili tu, mwenye shamba, na mahali pake nikaandika kwa herufi ndogo aliyejitaja mwenye shamba, basi ukurasa utasema kwamba Mkude alijitaja kuwa mwenye shamba akakubali. Kobelo anafunguliwa, njia inaombwa upya, karani hana kosa. Mwongo atakuwa Mkude, mtu aliyenipa ndizi. Nikaweka ncha ya kisu kwenye karatasi. Niliparua mguu mmoja wa herufi ya kwanza. Nendeni mkaangalie, ile M mpaka leo ina mguu mmoja mwembamba kuliko mwingine.

Nikafikiri: akija karani mwingine baada ya miaka kumi, akisoma hapa, atajua nini? Atajua Mluguru mmoja alidanganya. Na mimi nitakuwa nimekaa barazani nakunywa uji.

Nikaweka kisu chini. Nikapiga mstari mmoja juu ya maneno yale, na chini yake nikaandika: Sikuuliza shamba ni la nani. Mkude hakusema ni lake. Kosa ni langu, Sefu, karani.

Saa tisa nikakisoma mbele ya watu wote. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, sikuitambua. Bwana Miwani akakichukua kitabu akakisoma mwenyewe, akakisogeza kwenye mwanga, akauona mstari na maandishi yote mawili, ya juu na ya chini.

"Wewe hukuuliza?"

"Sikuuliza, Bwana."

"Umekaa Morogoro miaka mingi. Hujui desturi ya hapa?"

"Naijua, Bwana. Naisikia kila Jumatano. Sikufikiri inaihusu karatasi yangu."

Akakifunga kitabu, akakiweka mezani. Sajini alikuwa ameshashika kiboko, na nilijua kinaweza kubadili njia kikaja kwangu, kwa maana karani alikuwa mtu mkubwa sokoni lakini si mbele ya nguzo. Mzee Idarusi alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema neno la kunitetea, na baadaye nilimshukuru kwa hilo zaidi ya yote.

"Mfungueni yule," Bwana akasema mwishowe. "Aliyetupa panga la serikali atalizamia alitafute. Na karani atapanda migomba mitatu kwa mkono wake, mahali pa ile iliyokatwa. Kisha atauliza. Bila askari."

Kobelo alilipata panga alasiri ile ile, akalirudisha limeng'aa. Mimi nilipanda mlimani kesho yake nimebeba machipukizi matatu ya migomba begani, na kanzu yangu ya pili, ile niliyoibeba kichwani kutoka Pangani, ikaisha siku hiyo. Mji mzima ulitoka kutazama. Yule fundi cherehani alisema hilo ndilo jambo la kwanza kutoka kwenye kitabu lililotekelezwa upesi.

Sikwenda peke yangu. Bi Tatu alikuwa amesikia, akafunga jiko la vitumbua akanifuata, mtoto wake aliyebaki mgongoni. Bi Mwamvua alinitazama nikichimba mashimo, akaniacha nichimbe matatu bila kunisaidia, kisha akaleta maji ya kunywa.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Leo umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kuuliza. Shamba hili ni la nani?"

"La mama yangu, na la mama yake, na la mama yake yule. Sasa nalishika mimi. Kobelo ndiye analisemea."

Kobelo alikuwa amesimama nyuma yake. Hakunisemesha. Alikuwa na haki.

Ndipo Bi Tatu akaja mbele. Hakueleza habari ya serikali wala ya kitabu. Alimshusha mtoto akamkalisha chini, akamwambia Bi Mwamvua habari za watoto wawili aliowazika, majina yao, na siku ngapi kila mmoja aliugua. Bi Mwamvua akasikiliza mpaka mwisho.

"Ungekuja wewe tangu mwanzo," akasema. "Mtu anamtuma mwanamume na bunduki kuja kuomba maji?"

Wakaondoka wanawake wale wawili, wakapanda kando ya mto, mimi na Kobelo tukibaki tumekaa kama watu wawili waliokosana msibani. Waliporudi walikuwa wameshamaliza. Njia haitapita katikati ya shamba, itapita mpakani, chini ya migomba, mahali palipo na kivuli na pasipoteleza. Itakwenda mpaka bwawa la juu zaidi ya pale mhandisi wa Bwana alipopachagua, kwa sababu pale chini, Bi Mwamvua alisema, masika maji ya shamba yanaingia mtoni, hakuna mtu wa mjini anayelijua hilo. Wanawake wakipita wapige hodi. Na miti ya juu ya bwawa, ile ya mababu, isiguswe na mtu, si wa mlimani wala wa serikali.

"Nyie wa mjini mnauliza maji tu," akaniambia. "Hamjauliza yanakotoka. Andika na hilo."

Nikamgeukia Kobelo. Nikamuuliza kama anakubali. Akamtazama dada yake, akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Nikaandika, nikawasomea polepole, mara mbili. Bwana Miwani aliyakubali yote, hata ya miti, na mhandisi wake akanuna wiki nzima.

Kabla ya masika mto ulikuwa umepangwa upya. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, tulisimamisha mbao zenye picha, nami ndiye niliyezichora. Mtungi wangu ulikuwa mzuri. Punda wangu alifanana na mbwa, na kwa mwezi mzima watu walileta mbwa wao kuogeshwa. Lakini masika yale Bi Tatu hakuzika mtu. Mtoto wake aliyebaki, Zuhura, sasa ni mama wa watoto wake mwenyewe, na anauza vitumbua pale pale stesheni, na hajawahi kunitoza bila kuniongezea kimoja.

Njia ile watu wakaiita Njia ya Karani. Miaka miwili nilitembea kifua mbele, nikidhani ni kwa heshima yangu. Ndipo siku moja nikamsikia msichana akimweleza mgeni: inaitwa hivyo kwa sababu kuna karani mmoja alimuuliza baba habari ya shamba la mama. Wakacheka mpaka wakamwaga maji. Basi, ndivyo ninavyojulikana, nanyi mkiulizwa mna uhusiano gani nami mna ruhusa ya kukana.

Mzee Idarusi alifariki mwaka uliofuata. Kile kisu ninacho, namenyea machungwa. Jumatano ziliendelea chini ya mabwana wengine, wengine wakakisoma kitabu, wengine wakakitumia kuegemeza dirisha lisipigwe na upepo. Watu waliendelea kuja. Hilo ndilo ninalowaombeni mlistahi, kwamba dirisha likiwa limeegemezwa kwa kitabu chenyewe, watu bado walikuja wakakaa kwenye gogo, wakasema.

Nimebakiza siku yangu ya mwisho. Ilikuwa Jumatano. Macho yalikuwa yameshakuwa na ukungu, nilikuwa naandika herufi kubwa kama za mtoto wa shule. Watu walikuwa wamekwisha, nimeshafunga chupa ya wino, pale mtu mzee aliposimama dirishani. Sikumtambua mpaka aliposema. Alikuwa Kobelo. Miaka yote ile hakuwahi kuja Jumatano hata moja, na tukikutana sokoni alinipa salamu iliyokatwa fupi, nami niliona ni sawa.

"Nina neno la mji," akasema.

Nikafungua wino tena.

"Pale kona ya juu kwenye njia, kabla ya bwawa. Wanawake wanapanda wengine wana mimba, wengine wazee. Hakuna pa kukaa. Liwekwe gogo la kupumzikia. Mahali pake patolewe shambani kwetu, upande wa ndani, penye kivuli."

Nikaandika, pua yangu karibu iguse karatasi. Nikafika mahali pa jina. Mkono ulikuwa umeshaanza K. Nikausimamisha.

"Kobelo," nikasema, "neno hili ni la nani?"

Nikasikia akivuta pumzi.

"La dada," akasema. "Hawezi kushuka tena, miguu imekataa. Amenituma. Akasema nisikutajie, ningoje nione kama utauliza."

Nikapiga mstari mmoja juu ya ile K, nikaandika chini yake, kwa herufi kubwa kadiri macho yalivyoruhusu: Bi Mwamvua, mwenye shamba.